Uwatu wa Wanakondoo

Tulitembea siku nane, baba na mimi, kutoka Ushirombo hadi kwa bibi, Mhunze. Juzi harufu ya uwatu sokoni ilinirudisha huko kimawazo. Siku ile baba aliniacha kwa bibi akisema, “Ukiwa mkubwa nitakufuata, tukachimbe dhahabu.”

Bibi alichanganya uwatu uliosagwa na pumba ili wanakondoo wakue haraka. Nikawa nauiba na kuula mimi, pamoja na uchungu wake. Wao wakakonda. Alasiri moja bibi alininusa shingoni.

“Ng'wanawane, mwanangu, mbona jasho lako linanuka chakula cha kondoo?”

“Nataka kukua, bibi.”

“Ukiota mkia, baba yako atakutambua?”

Alicheka, mimi nikalia kwa hasira.

Nilirefuka hata hivyo, nikampita bibi kichwa kizima, na baba hakuja. Nikaondoka Mhunze peke yangu, nisirudi tena.