Kidude cha Mvuke Nilichouziwa Mbinga

Rafiki yangu, wewe nakuamini, kwa hiyo nakuambia kama ilivyo: kuna mtu sijamsamehe. Nasali kila siku, jumuiya sikosi, lakini kwenye Baba Yetu nikifika pale pa kusamehe sauti inanishuka yenyewe. Padri anajua. Mungu naye anajua, na bado ananipa nguvu za kumfuatilia yule mtu.

Mume wangu ni mvuvi, tunakaa Lituhi, kando ya ziwa. Kama wavuvi wengi wa rika lake, anavuta tumbaku ya kusokota, na anavuta moto ukiwa ndani. Yaani upande unaowaka ndio anauingiza mdomoni, anafunga midomo. Upepo wa ziwa hauzimi, na mikono yote miwili inabaki kwenye nyavu. Amevuta hivyo tangu ujana, mpaka alipoanza kulalamika ugali unamuunguza. Daktari wa zahanati akamwambia apanue kinywa, akamulika tochi. Kule juu kwenye kaakaa kulikuwa na mabaka meupe.

"Baba, huu moto utoke humo. Ukibaki, mwisho wake ni kansa."

Alijaribu kuacha hivihivi, akashindwa, akawa anagombana hata na kuku. Daktari akasema dawa za kuachia sigara hana, labda tutafute ile sigara ya umeme, ya mvuke. "Nayo si salama," akasema, "ila moto haina. Iwe ya kuachia, isiwe ya kuhamia."

Nikaenda Mbinga. Karibu na stendi kuna mtu mwenye duka dogo alikuwa anauza kava za simu na vidude hivyo. Nikamweleza yote: mume wangu anaacha, ni mtu wa ziwani, nataka yenye nikotini kidogo. Akaiona rozari yangu shingoni, akawageukia wenzake. "Jamani, mama wa rozari naye amekuja kuchukua vepu!" Wakacheka. Nikavumilia. Akanipa kidude cha rangi ya chungwa.

"Hii haina nikotini kabisa, mama. Ni mvuke wa embe tu."

"Hakuna ya kubonyeza kitufe?"

"Kitufe cha nini? Hii ananyonya tu, inawaka yenyewe. Mzee wa usipa kitufe atakiweza wapi?"

Usipa ni dagaa wetu wa ziwani; hilo la mzee wa usipa nililiweka moyoni.

Mume wangu akakipenda. Lakini mtu aliyezoea moto ndani hajui kuvuta na kutoa. Akakibana kwenye meno kama anavyobana tumbaku yake, akaingia mtumbwini, akavuta nyavu huku ananyonya, kila pumzi na mvuke wake. Alirudi ameshikwa na mwenzake, anatapika, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio hadi shati linacheza. Wifi yangu akanijia juu: "Wifi, kaka yangu umemlisha nini?"

Alipopata nafuu akakitupa kile kidude. "Heri moto wangu, naujua," akasema, akasokota tumbaku mbele yangu. Hapo ndipo nilipolia. Si kwa kutapika kwake. Alikuwa amekubali kuacha, mtu mbishi kama yule, na sasa hataki kusikia tena.

Boksi la kile kidude nilikuwa nalo. Nikaenda nalo kwenye darasa letu la jioni, tunakojifunza kusoma watu wazima, kwa sababu maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Mwalimu akasoma, akaniangalia. Nikotini hamsini, yaani miligramu hamsini kwa kila mililita. Akasema hiyo ndiyo kali kuliko zote anazozijua, na hata mvutaji mzoefu anavuta kidogo anaiweka mezani. Ndugu yake wa Songea aliachia sigara kwa hizo, za kujaza mwenyewe: unaanza na maji ya nikotini kumi na mbili, ukizoea unashuka sita, halafu tatu, halafu unaacha.

"Ziko za kubonyeza?" nikamuuliza.

"Zipo."

Basi. Mikono yake iko kwenye nyavu. Akitaka kuvuta, itabidi aache kazi abonyeze. Na mume wangu haachi kazi. Kumbembeleza kulichukua muda, nikampikia, nikampigia magoti. Akakubali tena, na mwalimu akatuagizia ya kubonyeza kwa ndugu yake.

Halafu nikarudi Mbinga, siku ya soko. Nikatandika beseni langu la usipa mkabala na duka la yule bwana, na boksi mkononi. Kila aliyesimama pale mlangoni nilimsomea kwa sauti: nikotini, hamsini. Wiki iliyofuata nikarudi. Na iliyofuata.

"Mama, unanifukuzia wateja!"

"Sijamfukuza mtu. Nimefundishwa kusoma jioni, nafanya mazoezi."

"Basi chukua nyingine, bure."

"Nipe na mdomo mwingine wa mume wangu."

"Mama wa kanisani, una roho mbaya wewe!"

"Ninayo. Nimeipeleka kwa padri, imerudi."

Wenzake wale wale ndio waliocheka, safari hii wakimcheka yeye. Sijui kama ni dhambi, ila nilikula vizuri siku ile. Mwishowe akafunga duka.

Mume wangu sasa yuko kwenye tatu. Mabaka yamepungua, daktari anasema bado tuendelee kuangalia. Lakini juzi wanawake wanaotoka kununua samaki Mbaha wameniambia yule bwana ameshuka ziwani na mzigo wake, anawauzia wavuvi: mvuke wa embe, haina nikotini. Wavuvi wa moto ndani, wa kubana kwenye meno.

Mimi siwezi kukaa na beseni kila mwalo wanaposhushia samaki. Kwa hiyo nakuomba, ukimaliza kusoma, msimulie mvuvi, msimulie mke wa mvuvi, naye amwambie mwenzake. Mtu akiwaambia haina nikotini, wamwambie awasomee boksi kwa sauti, watu wakisikia.