Penseli ya Tadeo Shemdoe

Tadeo Shemdoe alikuwa ameshawafundisha Wazungu wawili kazi ya kodi, na wote wawili wakageuka kuwa wakubwa wake. Wa tatu alipoingia ofisini mwaka 1955, uso mwekundu kwa jua la Tanga na soksi zimepandishwa mpaka magotini, Tadeo alimtazama kisha akanong'ona, "Huyu naye?" Uweso, karani mwenzake wa meza ya pili, akamjibu bila kuinua kichwa, "Huyu naye. Mwandalie kiti."

Sasa kazi yenyewe ilikuwa hivi, maana humo ndimo uonevu ulimojificha. Mfanyabiashara akileta madaftari yake, Tadeo ndiye aliyeyasoma, akamhoji mwenyewe, akapima maneno yake, kisha akakadiria kodi na kuiandika kwenye fomu kwa penseli. Fomu ikapelekwa meza ya ofisa. Ofisa akafungua kalamu yake, akapitisha wino juu ya penseli ile ile, tarakimu kwa tarakimu, akatia sahihi. Basi! Kazi imekwisha, chai iletwe. Mwenye wino alilipwa mara sita ya mwenye penseli, na juu yake akaongezewa posho ya kujua Kiswahili. Kiswahili, jamani! Tadeo alikinyonya kambini Pongwe pamoja na maziwa ya mama, na hakuna aliyewahi kumpa hata ndururu kwa ajili yake.

Baba yake Tadeo aliteremka kutoka Gare, milimani Usambara, kuja kukata mkonge Pongwe. Mama yake alianika nyuzi uwanjani toka asubuhi, na kwa kuwa hakuwa na pa kumweka mtoto, alimwacha kwa jirani, Bi Mwatumu, aliyekuwa na chuo cha Kurani barazani kwake. Hivyo Tadeo, mbatizwa wa misheni, aliketi mkekani na watoto wa Kiislamu akaimba alifu, be, te kama wao. Padri alipopata habari alikunja uso. Mama mtu akamwambia, "Padri, herufi hazina dhambi." Baadaye akaenda shule ya misheni, mapadri wakamfunza hesabu na kumzoesha kuandika saba yenye kistari katikati, na kistari hicho hakikumtoka tena maisha yake yote.

Ndiyo maana wenye mashamba wa pwani walimpenda. Wengi wao waliandika hesabu zao kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na katika ofisi nzima ni Tadeo na Uweso tu walioweza kuzisoma. Miaka kumi na mmoja alikadiria kodi za watu waliokuwa na nyumba za ghorofa, jioni akarudi kwake chumba na ukumbi.

Mkewe, Praxeda, mshonaji wa nguo, hakuwa mtu wa kuficha lake moyoni. "Mume wangu anatoza kodi ya mapato mji mzima," aliwaambia majirani huku anakanyaga cherehani, "ya kwake hayajafika hata pa kutozwa!" Majirani walicheka, na Tadeo naye alicheka, lakini lilimchoma. Lilikuwa kweli. Mshahara wake ulikuwa mdogo hata kodi ya mapato haikumgusa, alilipa kodi ya kichwa tu, na stakabadhi yake alitembea nayo mfukoni asije akasimamishwa na askari.

Aliandika maombi. Aliomba mambo mawili tu: cheo cha ofisa, na mshahara ule ule wa ofisa, usipungue shilingi wala usizidi. Bwana Mkubwa wa ofisi aliyapeleka makao makuu, na majibu yakaja baada ya miezi mitano. Barua ilisema mwombaji hana uzoefu wa kukadiria kodi, kwa kuwa kwa kanuni za kazi wajibu wa karani ni kunakili, kutafsiri na kutunza majalada. Mwishoni ikaongeza kwamba wakati huu mwombaji amfundishe kazi ofisa mpya, Bwana Kolinzi. Kolinzi ndiye yule wa soksi.

Loo! Hana uzoefu! Tadeo alifika nyumbani macho yamemjaa maji ya hasira, akaitupa barua mezani. Praxeda aliisoma, akairudia, kisha akaanza kutabasamu.

"Unacheka nini, mama?"

"Si umeshaambiwa kazi yako? Ifanye."

"Kazi gani?"

"Hiihii iliyoandikwa. Kunakili, kutafsiri, kutunza majalada. Wameiandika wenyewe, na muhuri wamepiga wenyewe. Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini wewe kila mwaka mbivu wanakula wenzio, wewe umewashikia ungo."

Jumatatu Tadeo aliwasomea makarani wenzake ile barua, kisha akaitia penseli kwenye mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo. Kolinzi alipomletea fomu ya kwanza akamwambia akadirie, Tadeo alisimama kwa adabu kubwa kabisa. "Samahani, bwana. Kwa kanuni, karani hakadirii. Labda nikunakilie?" Kolinzi akaenda kwa Uweso. Uweso naye akasimama. "Samahani, bwana. Labda nikutafsirie?" Akaenda kwa Noa, karani wa tatu, Mlutheri mmoja mpole kutoka Maramba mwenye watoto saba. Noa naye alisimama. "Labda nikutunzie jalada, bwana?"

Wiki tatu zikapita, majalada yamepanda mpaka kwenye kizingiti cha dirisha. Bwana Mkubwa alimwita Tadeo akamfokea kwamba atamfukuza kazi. Tadeo alijua, kufukuzwa serikalini kulikuwa kurudi Pongwe kukata mkonge. Hata hivyo alitoa barua mfukoni, akaikunjua mezani. "Bwana, niambie mwenyewe. Barua hii niitii, au nisiitii?" Bwana Mkubwa aliitazama ile barua, akautazama na muhuri, akamwambia atoke na mlango aufunge.

Hapo ndipo alipokuja mzee Humaid. Alikuwa na minazi mingi upande wa Tongoni na akiuza mbata, zile nazi kavu, kwa frasila nyingi, na tangu aanze kulipa kodi hakuwahi kudaiwa senti iliyopotea. Tadeo alimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibiwa, "Marahaba, mwanangu," kisha mzee akashangaa kupelekwa kwenye meza ya Kolinzi.

Uweso alimsomea Kolinzi daftari, maana kutafsiri kulikuwamo kwenye kanuni. "Mfunguo Mosi, mbata, frasila mia na arobaini." Kolinzi akaandika: Januari. "Mfunguo Pili." Akaandika: Februari. Uweso alimtupia Tadeo jicho, Tadeo akainama kwenye majalada yake. Mtu yeyote wa pwani anajua kwamba Mfunguo Mosi ni mwezi wa Idi, unaofuata Ramadhani, na mwaka ule ulianguka karibu na mwisho wa Mei. Lakini Kolinzi alifaulu mtihani wa Kiswahili huko kwao, na mtihani ulimfundisha kuwa mosi ni moja. Alipolinganisha daftari na risiti za mizani, haukulingana hata mwezi mmoja. Akasema hesabu zote ni za uongo, akamwandikia mzee kodi maradufu na faini.

Humaid alitoka, na Tadeo akamfuata ukumbini. "Tadeo! Umekaa unatazama naitwa mwizi mbele za watu! Chumvi tuliyokula pamoja miaka yote hii, umeitema?"

Maneno yale yalimwingia Tadeo mpaka kwenye mifupa. Angeweza kurudi ndani, afungue mtoto wa meza, amalize jambo lile kabla chai haijapoa. Mkono wake ulikuwa umeshagusa ufunguo mfukoni. "Mzee wangu," akasema, "nimeandikiwa kwamba sijui kazi hii. Nikikuokoa leo kwa penseli, kesho watapitisha wino juu, na mwakani utakuja kuitwa mwizi tena na mwingine. Sikiliza hii." Akamsomea ile barua neno kwa neno.

Mzee akasema, "Hujui kazi? Wewe? Wallahi, barua hii inanihusu na mimi." Akaenda kwake akaandika rufani ya kurasa nne, akidai daftari lake likadiriwe na yule yule aliyelikadiria miaka kumi na mmoja. Akaiandika kwa herufi za Kiarabu, makusudi. Rufani haiwezi kwenda makao makuu bila tafsiri, na kutafsiri, kwa kanuni, ni kazi ya karani. Basi Tadeo akaitafsiri, sifa zake mwenyewe zote humo ndani, hakupunguza wala hakuongeza, na Bwana Mkubwa akalazimika kuituma.

Mkaguzi alikuja mwezi uliofuata, mzee wa Kizungu mwenye miwani mizito na maneno machache. Aliomba majalada ya Humaid ya miaka yote, akakaa nayo asubuhi nzima karibu na dirisha. Mwishowe akamwita Bwana Mkubwa, Kolinzi na makarani wote watatu. Humaid alikuwa ameketi pembeni, fimbo kati ya magoti.

"Nani hapa anaandika saba yenye kistari?" akauliza.

Mkaguzi akainua fomu moja kwenye mwanga, kisha ya pili, kisha ya tatu. Wino ulikuwa umefuata penseli kila mahali, isipokuwa kwenye saba. Maofisa waliandika saba za kwao, tupu, na vile vistari vya penseli vilibaki nje ya wino, fomu baada ya fomu, miaka kumi na mmoja, na sahihi za watu wawili tofauti chini yake.

"Ni mimi, bwana," Tadeo akasema.

"Na mimi nimeambiwa huna uzoefu." Mkaguzi hakumtazama Bwana Mkubwa, na hakuwa na haja ya kumtazama. Akalisukuma mbele daftari la Humaid. "Likadirie hili."

Tadeo akalivuta daftari. "Nitakadiria, bwana. Lakini penseli situmii tena."

Noa alifumba macho kwa hofu. Mkaguzi akatia mkono mfuko wa shati, akatoa kalamu yake mwenyewe ya wino, akaifungua kifuniko na kumpa.

Tadeo aliketi. Alieleza huku anaandika, kwamba miezi ya daftari hili inafuata mwandamo, kwamba Mfunguo Mosi, ulioandikwa Januari kwenye fomu, unaanza na Idi, na kwamba kila mwaka Idi inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja katika kalenda ya Kizungu.

"Bwana mdogo aliuita Januari!" Humaid akaropoka, na ghadhabu ikamgeuka kicheko. "Yaani Idi yangu mimi nimeila siku moja na mwaka mpya wenu!" Uweso alishindwa kujizuia, akacheka na yeye, na hata mkaguzi alikohoa kidogo kwenye kiganja.

Saa moja haikutimia, mbata za daftari na mbata za mizani zikakutana, frasila kwa frasila. Faini ikafutwa. Tadeo alifika kwenye saba ya mwisho, akaitia kistari chake, kwa wino.

Miezi miwili baadaye ikaja barua nyingine. Tadeo Shemdoe ni ofisa wa kodi, kwa mshahara ule ule wa Bwana Kolinzi kuanzia tarehe ile ile aliyoanza yeye, na posho ya lugha juu yake. Uweso na Noa nao wakafunguliwa mtihani wa ofisa, uliokuwa umefungwa kwa watu kama wao, na wote wawili wakaushinda. Noa alilia waziwazi ofisini, akafuta machozi kwa karatasi ya kukaushia wino. Kolinzi, tumpe haki yake, hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwenyewe kwenye meza ya Tadeo, masikio yamemwiva. "Bwana Shemdoe, tafadhali nifundishe hii miezi."

"Kaa," Tadeo akamwambia. "Penseli yako iko wapi?"

Mwaka wa kodi ulipokwisha, Uweso alimwekea mezani bahasha ya serikali yenye jina lake. Tadeo aliuliza mbona hakuletewa fomu aikadirie. "Kinyozi hajinyoi," Uweso akasema, akaenda zake anapiga mluzi.

Tadeo hakuifungua. Aliibeba mpaka nyumbani, akampa Praxeda pale kwenye cherehani. Praxeda aliisoma, akaweka mkono kifuani. "Mungu wangu! Zote hizi?"

"Zote."

"Kwa mwaka mmoja?"

"Kwa mwaka mmoja, mama. Kodi ya mapato."

Praxeda aliitazama ile karatasi, na sahihi ya Uweso iliyotiwa kwa wino chini yake, kisha akasimama, cherehani ikabaki inazunguka peke yake. Akapiga kigelegele kilichowatoa majirani vyumbani, mmoja na mwiko mkononi, wanauliza kuna nini, nani kajifungua?

"Mume wangu anadaiwa kodi!" Praxeda aliwapigia kelele, machozi yanamtiririka, barua ameinua juu ya kichwa. "Njooni mwone! Mume wangu naye anadaiwa!"