Beji ya Mionzi na Msumari Wake

Tajiri wangu alikuwa mtu wa duka la vyuma, na zahanati aliifungua kipindi cha ruksa, serikali iliporuhusu tena watu binafsi kutibu. Mashine za eksirei alinunua mbili Mombasa, mitumba zote, zikapita mpakani Horohoro juu ya lori la magodoro. Moja ilifanya kazi. Ya pili ilikufa kabla hatujaiwasha, tukaisukumia stoo.

Mpiga picha nilikuwa mimi. Kazi nilijifunzia hospitali ya serikali, nikaikimbia kwa sababu mshahara haukufika hata katikati ya mwezi.

Ikaja barua kutoka ofisi ya mionzi: kila mashine ina ada ya leseni kwa mwaka, ifanye kazi isifanye. Tajiri alipandwa na hasira.

"Kumbe hata maiti analipa ada?" aliniuliza, kama vile barua nimeiandika mimi.

Kulikuwa na ada ya beji pia. Beji ni kidude cha kuvaa kifuani, kinapima mionzi inayompata mfanyakazi, na kila miezi mitatu kinarudishwa kwao kikasomwe. Kikipotea kinalipiwa. Hapo tajiri alisoma mara mbili, kisha akanitazama.

"Bibie, kikipotea hiki ni mshahara wako."

Basi nikafanya nilivyolelewa. Kwetu Makorora, sahani za kuazima za shughuli hazitupwi ovyo: zinaoshwa, zinahesabiwa, zinawekwa mahali pa kuonekana mpaka zirudi kwa mwenyewe. Hospitali nilikotoka beji hatukuwahi kuziona. Nikaitundika kwenye msumari ndani ya chumba cha eksirei, ukutani, mbele kabisa ya mashine. Asubuhi naiangalia, jioni naiangalia. Nilijiona mwerevu kweli.

Beji ilirudishwa, na majibu yalipokuja nilikuwa na mimba ya miezi minne. Ya kwanza, baada ya miaka saba ya kuitwa mgumba na wifi zangu. Barua ilisema beji yangu imepata mionzi kupita kiasi, nisimame kazi mara moja, mkaguzi anakuja.

Nilihamia kwa mama. Nilizunguka pale uani siku tisa. Nikipewa uji naonja naweka chini, nikiketi nasimama, mkono hautoki tumboni.

"Kaa kitako, mwanangu, utaichosha hiyo mimba," mama alisema.

Sikukaa. Nilimchukia tajiri, nikaichukia mashine, nikamchukia na yeyote aliyepita na mtoto mgongoni.

Mkaguzi alipofika niliitwa. Kijana mpole, amechoka na safari. Alianza na kuhesabu mashine, na ile ya stoo akaiandika. Tajiri alibishana naye mpaka jasho likamtoka. Kisha tukaingia chumba cha eksirei, akaniuliza, "Dada, beji ulikuwa unaivaa wapi?"

Tajiri akanikazia macho. Alishaninong'oneza mlangoni kwamba ada ya ile mashine nzima ameshalipa, nisije nikamharibia leseni. Nami nikautazama msumari, ndipo akili ikanijia. Kila picha niliyopiga iliupiga ule ukuta, nami nimesimama nyuma ya kizuizi cha mionzi. Furaha iliyonishika sijapata kuiona tena. Leseni yake ilinihusu nini?

"Sikuivaa," nikasema. "Ilikuwa pale."

Mkaguzi alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Kwa hiyo mionzi ile sikuipata mimi?"

"Ile iliupata msumari, dada. Uliyopata wewe, hakuna aliyeipima."

Tajiri alilipia ada mashine zote mbili, hai na maiti, na leseni ikatoka baada ya mimi kufukuzwa. Mtoto alizaliwa mzima, alhamdulillahi. Sasa ana ndevu na watoto wake watatu. Akinipigia simu kusema kichwa kinamuuma, mimi husimama nilipokaa, nikamuuliza kimeanza lini.