Matenga ya Waya Korongoni

Bwana shamba alipokuja kuniambia tuhame, nilikuwa nimeinama napalilia mtama, na sikuinuka. Nilijua kilichomleta. Korongo lililokuwa nyuma ya nyumba yetu, upande wa Bugarama, lilikuwa limemeza kipande kikubwa cha shamba kwa misimu miwili ya mvua, na amri ilikuwa imeshatangazwa: mashamba yote yaliyo kando ya makorongo yaachwe ili ardhi ilindwe, na wenyewe watafute pengine.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, kama anavyosalimiwa mama asubuhi. Alikuwa kijana wa huku huku, Msukuma mwenzetu aliyevishwa kaptura ya serikali.

"Mwangaluka."

"Amri umeisikia?"

"Nimeisikia. Na wewe jibu langu umelisikia?"

Jibu langu lilikuwa sihami. Wanangu wawili walikuwa wamezikwa hatua chache kutoka ukingo wa lile korongo. Niende wapi, niwaache wachukuliwe na maji?

Mume wangu wakati huo alikuwa mtu wa kukaa kimya. Alifanya kazi miaka mingi katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, hadi kitoroli cha mawe kilipomsaga mguu. Alirudi nyumbani na mkongojo. Watu walisema amekwisha. Asubuhi alikuwa akikaa ukingoni kuliangalia korongo, jioni hivyo hivyo, na mimi nilidhani analia moyoni. Kumbe alikuwa anapima.

Siku moja akasema, "Kule mgodini kulikuwa na kilima kinaporomoka. Wakajenga ukuta wa saruji, ukapasuka. Halafu wakasuka matenga ya waya, makubwa kama kitanda, wakayajaza mawe, wakayapanga. Yale hayakupasuka. Maji yanapita katikati ya mawe, udongo unabaki nyuma."

"Waya tutautoa wapi?"

"Ua wao wa zamani wa waya waliung'oa. Wameutupa, unaliwa na kutu."

Nikaazima tela la ng'ombe kwa kaka yangu, nikaenda na wifi yangu, dada wa mume wangu, safari ya siku mbili. Msimamizi wa mgodi alitutazama tukikunja waya, akacheka. "Mama, utafuga kuku wangapi?"

"Sifugi kuku," nikamwambia. "Nafuga shamba langu, lisitoroke."

Alicheka zaidi, lakini alituruhusu tuuchukue wote.

Tenga la kwanza lilitutia aibu. Tulilijaza mawe madogo madogo na kuliweka juu ya tope, kwa haraka. Mvua ya kwanza ikalibingirisha kama kibuyu. Majirani walikuja kutazama, na jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, mwanamume mwenye sauti nene, alicheka hadi akashika mbavu. Bwana shamba naye alipita, akasema, "Nilikwambia, mayu."

Mume wangu alikuwa akituelekeza kutoka juu. Alitupa mkongojo, akakaa chini, akateleza kwa makalio hadi ndani ya korongo. Hakutoka mle hadi jua lilipotua. Alichimba kwa jembe akiwa amekaa, hadi alipofika kwenye udongo mgumu unaolia kama sufuria ukigongwa. "Hapa ndipo pa kuanzia," akasema. "Tulijenga juu ya uongo."

Tangu siku ile yeye alisuka na kushona tenga kwa tenga kwa koleo la kukunjia waya, mimi na wifi tukabeba mawe kichwani kutoka kilimani. Mawe makubwa usoni, madogo katikati, kila jiwe likapangwa kwa mkono, hadi ukuta ukakatiza korongo. Waya ulinichana vidole hadi nikashindwa kusonga ugali. Wifi alinisongea.

Mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, akaniita barazani. Akaniuliza mbele ya wanaume kwa nini navunja amri.

"Amri inasema ardhi ilindwe," nikasema. "Njooni mwone ni nani anailinda."

Wengine waliguna. Mwanangwa akakuna kidevu. "Mvua zikiisha matenga yenu yakiwa bado yamesimama, mtakaa. Yakiondoka, nanyi mtaondoka."

"Sawa," nikasema. Nikajifunga kaniki yangu vizuri, nikarudi kwenye mawe.

Mvua kubwa ilikuja mchana. Maji mekundu yakashuka na magogo, yakagonga matenga, na ukuta ukainama. Nilipiga kelele. Mume wangu akanishika mkono. "Uache uiname. Saruji ndiyo isiyojua kuinama." Ukainama, ukakaa. Maji yakapenya kati ya mawe yakipiga mluzi. Asubuhi tope lililobaki nyuma ya ukuta lilinifika magotini, tope jeusi, zuri, la shamba langu mwenyewe.

Mvua zikaisha, ukuta umesimama. Ndipo bwana shamba akarudi na Mzungu mwenye kamera. Akawa anamweleza kwa Kiingereza, huku akinyoosha kidole kwenye matenga.

"Unamwambia nini?" nikamuuliza.

"Namwambia ni kazi ya idara."

Nikapanda juu ya matenga nikakaa. "Hapigi picha mpaka umwambie kweli. Mwambie yamejengwa na mtu wa mguu mmoja mzima na wanawake wawili, mliowaambia wahame."

Alisita, kisha akasema maneno. Kama aliyasema yote sijui. Lakini Mzungu alishuka korongoni, akachuchumaa mbele ya mume wangu, akamwonyesha kwa mikono: unafungaje? Mume wangu akamwonyesha.

Watu wa idara walitaka awe msimamizi, na watu wa kando ya makorongo yote wajengeshwe kwa amri. Akakataa. "Atakayekuja mwenyewe nitamfundisha. Atakayeletwa na askari, simfundishi."

Wa kwanza kuja alikuwa yule jirani wa ng'ambo. Alisimama ukingoni, kofia mkononi, akaomba kwa sauti ndogo afundishwe. Mume wangu akamrushia koleo.

"Shuka," akasema. "Na mkeo aje na kata ya kubebea mawe."