Tano Iliyotoka Kwenye Mizani

Trimesta ile, yaani muhula ule wa shule, baba alikuwa amekwisha kusema neno lake: nikianguka tena katika kemia, naenda kusoma ushonaji. Sina ugomvi na cherehani, lakini mimi na sindano hatupatani. Nilitaka kemia. Jaribio moja la maabara, siku ya manyunyu, ndilo lililobaki kuniokoa.

Swali lilikuwa fupi. Fuwele za buluu za salfeti ya shaba zimeficha maji ndani yake. Kila molekuli ya chumvi hiyo imeshika ngapi za maji? Kitabu kinasema tano. Mwalimu wetu alitaka tano itoke kwenye mizani: pima, choma hadi maji yatoke, acha ipoe, pima tena.

Umeme ukakatika, majiko ya maabara yakazimika; ikabaki mizani tu, ya betri. Mwalimu akataka kuahirisha hadi trimesta ijayo, na kwangu hakukuwa na trimesta ijayo. Nikakimbia nyumbani, hapo hapo mtaani Bel-Air, nikarudi na mbabula ya mama, lile jiko la makaa, mfuko wa makala yake, kopo lenye kifuniko, na kikaango cha kutilia mchanga ili moto usiiunguze chumvi. Darasa likacheka hadi machozi.

“We mama, unakuya kupika bukari ao kufanya chimie?” mwalimu akauliza, kana kwamba nimekuja kusonga ugali.

“Prof, moto iko moto tu.”

Tukachomea barazani, vikundi vyote. Buluu ikafifia, ikawa nyeupe kama unga wa mahindi. Wenzangu wakapeleka vikombe vyao vya kuchomea dirishani vipoe haraka. Wapi! Aliyekaa Lubumbashi msimu wa mvua anajua chumvi ya jikoni inavyolowa yenyewe, na unga ule mkavu una kiu kuliko chumvi: unakunywa maji ya hewani. Changu nilikitia koponi kingali cha moto, nikafunga kifuniko.

“Unafunika juu ya nini? Hakuna inzi!” wakanitania, wakitaka sababu.

“Mutaona,” nikajibu.

Gramu 5 zilibaki 3.2. Nikachoma tena, nikapoza koponi, nikapima: namba haikusogea. Basi maji yaliyotoka ni gramu 1.8. Nikayagawa kwa 18, masi ya moli ya maji. Chumvi kavu nikaigawa kwa 159.5, yaani shaba, salfa na oksijeni zake nne kwa pamoja. Kisha nikaligawa jibu la maji kwa jibu la chumvi. 4.98!

Wa dirishani walipata tatu na nusu, wengine nne. Unga wao ulikuwa umeanza kurudia ubuluu. Mwalimu akapiga upya hesabu yangu, bila haraka. Kisha akatoa simu, akampigia baba mbele ya darasa zima.

“Papa, huyu mutoto wenu anabakia kwa chimie. Mukikatala, mukuye mubishane na balance,” akasema, akiigonga mizani kwa kidole.

Kwetu kigelegele unapigiwa na mama zako na shangazi zako. Sikungoja mtu. Nilijipigia mwenyewe, kirefu, mpaka darasa la jirani likatoka nje kuuliza harusi ni ya nani.