Nyavu Hazikutikisika

Mzee Tundu hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na watu elfu nane kwa mpigo, dakika ya themanini na nane ya fainali, akiwa amesimama nyuma ya goli na kopo la chokaa mkononi. Wengine jina la utani huwaota taratibu, kama kitambi. Yeye lilimshukia zima.

Enzi hizo alikuwa mtunza uwanja: kufyeka nyasi, kupiga chokaa, kushona nyavu. Siku hiyo mshambuliaji wa nyumbani, waliyemwita Kiberiti, aliachia shuti la chini likapita katikati ya miti ya goli bila ubishi. Kasoro yake moja ni kwamba mpira haukubaki ndani. Ulitoboa kona ya wavu, ukaenda kugonga baiskeli ya polisi. Mwamuzi, aliyekuwa mbali akihema, alipoinua macho akauona mpira uko nje, akaamuru golikiki. Mtangazaji wa redio alikuwa ameshaanza, "Ametikisa nya...," akalimeza neno, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba: "Hapana. Nyavu hazikutikisika." Timu ikafa kwa penalti. Wavu ulipokaguliwa, ukakutwa na tundu la kupitisha ndoo.

Kamati ilikaa nusu saa ikamfukuza kazi. Mji ulikaa miaka thelathini na bado haujafunga kikao. Kauli ya mji ilikuwa moja: alinunuliwa.

Akahamia kusuka viti kwa uzi wa nailoni, barazani kwake, mgongo ukutani ili asipitwe na mtu nyuma. Mteja akicheka, alitaka kujua anacheka nini. Mteja asipocheka, alitaka kujua anazuia nini. Duka la jirani alilihama siku aliyoomba sindano akaulizwa, "Ya kushonea nini, mzee?"

Naye alikuwa na mashaka yake. Alhamisi kabla ya fainali aliushona wavu ule jicho kwa jicho, akaufunga kwa fundo lake la kuzungusha mara tatu, ambalo hakuna fundi mwingine aliyelijua wala aliyetaka kulijua. Uwanja haukuwa na stoo, hivyo nyavu zililala nyumbani kwake. Jumamosi asubuhi akautundika. Basi kati ya Alhamisi na Jumamosi palipita mkono wa mtu. Alianza kumshuku kipa wa wageni, aliyepasha misuli huku akizipapasa nyavu kama mnunuzi wa kitambaa. Akahamia kwa polisi: kwa nini baiskeli aiegeshe palepale? Mwisho akatua kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye siku ya fainali hakuonekana uwanjani, eti jino linamuuma.

"Jino!" aliviambia viti vyake. "Tangu lini jino likajua ratiba?"

Tangu hapo hakukanyaga kwa shemeji. Wakikutana kwenye harusi ya ndugu, alimpa vidole viwili na kuvihesabu vilivyorudi.

Jumanne moja, mchana kweupe, akaja mwalimu wa historia, mwanamke mwenye miwani na daftari. Klabu ilikuwa inatoa kitabu cha matukio hamsini ya kukumbukwa, naye ndiye aliyepewa kukiandika.

"Shikamoo, mzee. Wewe ni tukio la kumi na tisa."

"Marahaba. La kumi na nane ni nani?"

"Mafuriko. Mechi ilichezwa magoti majini."

Akaona si jirani mbaya. Akaomba asomewe. Mwalimu akasoma vizuri, kwa kituo, mpaka alipofika: "Inasemekana mtunza uwanja alinunuliwa."

"Simama hapo. Anasema nani?"

"Inasemekana, mzee."

"Huyo Inasemekana anakaa mtaa gani? Niletee hapa aniambie mwenyewe."

"Kitabu kinakwenda kiwandani kuchapwa Ijumaa," mwalimu akasema kwa upole. "Nipe la kuandika badala yake, nilifute. Bila hivyo, wajukuu zako watalisoma hivyo hivyo."

Mzee Tundu akaweka chini mguu wa kiti. Miaka thelathini alikuwa akingoja mtu mwenye kalamu.

"Basi andika. Aliyekata wavu ni shemeji yangu. Jina lake..."

"Mwalimu, weka kalamu chini!"

Sauti ilitoka ndani. Mkewe akatokea mlangoni na mfuko wa wavu uliojaa vitunguu. Akavimwaga sakafuni, vikabingirika mpaka kwenye viatu vya mwalimu, kisha akamtupia mumewe mfuko mtupu magotini.

"Kaka yangu humwingizi kitabuni, baba watoto. Tazama hilo fundo."

Akautazama. Uzi ulikuwa umegeuka rangi ya chai, lakini fundo halizeeki. Mizunguko mitatu. Akalipapasa kwa kidole gumba, akalipapasa tena.

"Chumbani kulikuwa na magunia mawili," mkewe alisema. "Moja la wavu mkuukuu, moja la wavu wa fainali. Nikakata kwenye mkuukuu. Nilidhani."

"Nani alikutuma?"

"Vitunguu ndivyo vilivyonituma! Vilikuwa vinaoza."

"Miaka thelathini, mama watoto?"

"Jioni ile walikuwa wanapiga mawe bati letu. Ningesema saa ngapi? Halafu kila mwaka uliopita ukaongeza uzito. Andika, mwalimu. Niandike mimi."

Mwalimu akaokota kalamu, akamtazama mzee. Mzee alikuwa akimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza alikuwa na mshukiwa aliyekiri. Akilini akamwona sokoni, wanawake wakinyamaza akipita. Akamwona akiulizwa bei ya vitunguu na watu wasiotaka vitunguu. Kazi hiyo yeye aliifahamu vizuri, na hakuona kama ni ya kumwachia mtu.

"Andika hivi. Mtunza uwanja aliushona wavu Alhamisi. Jumamosi akautundika bila kuukagua, kwa sababu fundi alikuwa yeye mwenyewe na alijiamini mno."

"Watasema ni uzembe, mzee."

"Ni uzembe. Mzembe hanunuliwi."

"Na aliyekata?"

"Kitabu ni cha mpira au cha vitunguu?"

Mwalimu akafuta, akaandika. Mzee akaomba daftari, akausoma ukurasa mara tatu, akaugeuza nyuma kuhakikisha Inasemekana hakujificha huko. Mkewe alikuwa amepiga magoti akiokota vitunguu. Mzee akainama kumsaidia.

Jumamosi alivaa shati la kutokea, akaenda kubisha kwa shemeji yake. Mlango ukafunguka kiasi cha jicho moja.

"Kuna msiba?" shemeji akauliza.

"Hakuna."

"Dada yangu mzima?"

"Mzima. Nimekuja kukusalimu tu, shemeji."

Jicho likampima kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha likapita juu ya bega lake, kutafuta alikuja na nani.

"Kunisalimu," shemeji akasema, bila kutoa mnyororo wa mlango. "Leo. Kwa nini leo?"