Tawi Bichi Mlimani Karthala

Mume wangu Chome haamini hata chai niliyompikia kwa mkono wangu. Miaka ishirini amewaongoza wageni katika msitu wa Shimba Hills, na kila akirudi nyumbani hapa Mkongani huzunguka nyumba kwanza atazame nyayo za waliokuja. Nilishamwambia, "Ungekuwa polisi wewe, sote tungekuwa ndani."

Binti yetu Twaiba aliolewa Ngazidja, huko Komoro. Mumewe, Swabir, naye ni mwongozaji, ila yeye huwapandisha watu Karthala, mlima wa moto. Siku moja mtu wa maneno mengi pale Kona ya Musa akamwambia Chome kwamba mkwewe hulala mlimani siku mbili tatu, na mwanamume halali mlimani bure, ana mke mwingine huko. Hee! Mzee wangu hakula siku hiyo. Twaiba akapiga simu kusema yu salama, ndiyo kwanza shaka ikazidi. "Mbona anacheka sana?" akaniuliza. Akafunga safari, akaniapia: "Nikimwona huyo mke, narudi na mwanangu."

Alipofika hakusema kilichomleta. Alimwomba Swabir ampandishe, basi. Njia yenyewe inapita juu ya mgongo wa mlima, bonde huku, bonde kule, na chini ya miguu mawe meusi yanayomeguka kama makaa. Ukungu ukashuka. Swabir akasema, "Baba, natangulia kutazama njia, nifuate taratibu." Chome akamfuata hadi mahali njia inapogawanyika. Ya kushoto ilikuwa imelazwa tawi bichi.

Sasa nisikilizeni. Kwetu, mwongozaji akilaza tawi bichi kukata njia, anawaambia walio nyuma: hapa msipite. Mume wangu amelaza matawi hayo maisha yake yote. Lakini akawaza, Mngazidja huyu alama yetu kaijulia wapi? Hapana, hapa anaficha njia ya kwa yule mwanamke. Akaliruka tawi, akaenda zake kushoto!

Hakufika mbali. Mawe yalimponyoka, akaporomoka, akadaka kichaka kwa mkono mmoja, miguu inaning'inia hewani. Akapiga ukelele. Swabir akarudi mbio, akalala kifudifudi, akamvuta hadi juu.

Mtu umeokolewa, sema ahsante! Yeye, bado anatweta, akauliza, "Nyumba yake iko wapi?"

"Ya nani, baba?"

"Ya mke wako wa huku juu."

Swabir akasema, "Huku juu hata maji hakuna, baba. Nalala hemani na wageni." Kisha akauliza kwa upole, "Kwani tawi hukuliona?"

"Nililiona. Nani aliyekufundisha?"

"Twaiba. Jana aliniambia, baba yangu ukimwonyesha njia kwa maneno hatakuamini. Mlazie tawi bichi, hilo hawezi kulikataa."

Chome alirudi Mkongani peke yake, mkono umefungwa bendeji. Siku mbili hakunieleza kitu, na mimi nikaanza kumshuku yeye. Siku ya tatu akanisimulia yote, uso ameuelekeza ukutani.

"Mwanangu alinijua," akasema. "Akanitumia neno langu mwenyewe, na hilo nalo sikuliamini."

Akalia. Tangu anioe sikuwahi kumwona akilia.